Bi Idella na Karanga ya Kumi na Mbili

Hapa kwetu Sweetgum, Alabama, watu wanaojua mpira kwa dhati ni wawili tu. Wa kwanza ni mimi, Cleophus Battle. Wa pili ni dobi.

Na mkisikia mpira, wapwa zangu, msiwaze huo wa kupiga danadana. Nasema huu wa helmeti, wenye ncha mbili, unaobanwa kwapani ukakimbizwa kama kuku wa wizi, huku watu kumi na moja wanakufukuza kwa nia mbaya. Mimi niliuchezea Chuo cha Ashby, Fisimaji wa Ashby, kwa mwaka mmoja na nusu. Ule mwaka nilicheza, ile nusu nilisoma. Ningewaeleza niliyoyafanya uwanjani msingelala, ila leo zamu si yangu. Zamu ni ya dobi.

Bi Idella Crumpton alifua nguo za Fisimaji miaka thelathini na moja. Chumba chake kilikuwa chini ya majukwaa, hakina dirisha, kina mashine nne na mvuke wa kuivishia viazi. Mechi yenyewe alikuwa haioni. Alisikia tu miguu ya watu elfu ishirini juu ya kichwa chake. Lakini jioni, nguo zikishushwa, alizisoma kama gazeti. Majani magotini, huyu amekimbiza. Majani mgongoni, huyu amekimbizwa. Chumvi ya machozi kwenye kola, huyu usimwulize kitu mpaka Jumatatu. Kocha mzima alikuwa anashuka ngazi kumwuliza nani kachoka.

"Jezi haijui kusema uongo," aliniambia siku moja. "Ya kwako, Cleophus, mimi huikunja tu. Sijawahi kuona sababu ya kuilowesha."

Nikamwambia nilikuwa nacheza kwa usafi. Akanipa jezi yangu imekunjwa vizuri.

Sasa Bi Idella alikuwa na mdogo wake wa mwisho, Lucius Tarver. Mwaka wa 1971 ndio kwanza Ashby walikuwa wamewafungulia watu weusi mlango wa timu, tena waliufungua kidogo, tukapita wawili kwa ubavu: Lucius na mimi. Lucius alikuwa mdakaji. Mimi nilikuwa mdakaji wa akiba, yaani Lucius akitoka, naingia mimi. Msimu mzima hakutoka hata dakika moja. Alikuwa na wivu, nadhani.

Tulishinda mechi kumi, mfululizo. Ya kumi na moja, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, ilikuwa na Kunguru wa Calloway. Wanaongoza kumi na tatu kwa kumi, zimebaki sekunde tisa. Mpira ukarushwa kwa Lucius, yuko peke yake, yadi mbili kutoka mstari wa goli, hata kivuli cha Kunguru hakikuwa karibu; akiudaka tu, tumeshinda. Ukamgonga mikononi. Ukaanguka.

Na enzi hizo bingwa wa vyuo hakupatikana uwanjani. Waandishi wa magazeti walikaa vitini wakapiga kura, kesho yake tukasoma nani bingwa. Wakawapa Calloway ubingwa, sisi wakatuteremsha mpaka nafasi ya nne. Basi. Hakuna rufaa.

Toka siku ile Lucius akaitwa Mikono ya Siagi. Haikuishia kwenye jina. Mtu akimpa mkono kanisani, akishamaliza anajifuta kwenye suruali, taratibu, kila mtu aone. Walimfanyia hivyo weusi kwa weupe. Katika jambo hilo Sweetgum ilikuwa na umoja. Mwezi wa tano akapanda basi kwenda Toledo, Ohio, akaingia kiwanda cha vioo vya magari, akakaa huko miaka arobaini na mbili. Alirudi mara moja tu, kumzika mama yao, na pale makaburini mtu mmoja alimpa mkono wa pole, kisha akajifuta. Lucius hakusubiri hata chakula.

Kila mwaka mwezi wa nane ukoo wa Tarver unakutana, wanachoma nguruwe, wanapiga picha. Kila mwaka Bi Idella anampigia simu. Walizaliwa watano, wamebaki wawili. Mara ya mwisho Lucius alimjibu kwa kicheko: "Dada, siku mahakama ya Harlan Teague itakapoipa Ashby ubingwa wa sabini na moja, siku hiyo nitapanda gari." Yeye alicheka. Dada yake hakucheka. Alikwenda kutafuta miwani yake, aanze kuandaa kesi.

Hapo mahakamani ndipo nilipotaka kuwafikisha. Julai hakuna mpira. Kuna joto, kuna mbu, na kuna wanaume wasio na la kufanya. Kwa hiyo kila Jumamosi ya mwisho ya Julai tunakutana kwenye duka la vipuri vya matrekta la Harlan Teague, saa tatu asubuhi, tunahukumu msimu mmoja wa zamani. Ndani ya kopo la kahawa mna vizibo vya soda, kila kizibo kina mwaka. Kikitoka kizibo, tunajiuliza: mwaka huo, kama zile timu nne za juu zingecheza mtoano, wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu, washindi wakutane, nani angekuwa bingwa wa kweli? Mwaka wa 2014 wakubwa wa mpira walipoanzisha mtoano wa timu nne, nchi nzima ilishangilia. Sisi tulitazamana tu. Tulikuwa tunaucheza mtoano huo mwaka wa kumi na tisa, tena vitini.

Hakimu ni Bi Wynell Odom, aliyekuwa karani wa mahakama ya wilaya mpaka alipostaafu. Nyundo yake ni spana namba ishirini na nne. Wazee wa baraza ni kumi na wawili, na kila mmoja anapewa karanga moja ya kuchemsha, ndani ya ganda lake. Ukikubaliana na mtetezi, unaitia karanga nzima mtungini. Ukikataa, unaila, unatia ganda. Na kugeuza bingwa waliyemchagua waandishi kunahitaji karanga zote kumi na mbili ziwe nzima, kama baraza la kesi ya mauaji.

Katika miaka kumi na tisa hatukuwahi kugeuza bingwa hata mmoja. Sababu ilikuwa Harlan Teague. Harlan ni mtu wa miraba minne, mweupe, Kunguru wa Calloway toka tumboni, na karanga yake huila kabla mtetezi hajakohoa. Ukimwuliza, anasema ana njaa.

Kizibo cha 1971 kilikuwamo koponi. Kilishatoka mara tatu, na mara zote tatu tulikirudisha bila mtu kusema neno.

Mwaka huo wa 2014 Bi Idella aliingia dukani na sufuria lake kama kawaida, maana karanga zote zilizowahi kuliwa mahakamani pale alizichemsha yeye. Miaka yote alikuwa anaweka sufuria juu ya kaunta na kuondoka. Safari hii aliweka sufuria, akakalia kifuniko.

"Bi Idella," Harlan akasema, "umekalia kifuniko."

"Najua nilichokalia. Leo tunahukumu sabini na moja, na mtetezi ni mimi."

"Mwaka unatoka koponi, mama. Ndiyo sheria."

"Na karanga zinatoka sufuriani. Chagueni."

Watu wakamtazama Bi Wynell. Bi Wynell akalitazama sufuria, mvuke unatoka pembeni pembeni, una harufu ya chumvi. Akagonga spana. "Mahakama imepokea ombi."

Kila mtu akapewa karanga yake. Yangu niliitia mfuko wa shati na kufunga kifungo, kwa sababu najijua. Kisha Bi Idella akasimama, miaka sabini na moja, mwembamba kama mti wa kamba ya nguo, ana mfuko wa karatasi chini ya kwapa.

Sheria yetu nyingine ni kwamba kabla hujatetea timu yako, lazima umseme adui kwa wema, tena kwa kweli. Watetezi wengi hufia hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa dakika nne natafuta wema wa chuo cha Deshler mpaka muda ukaisha.

"Calloway," Bi Idella akasema, "walikuwa na dobi mzuri. Nyeupe yao ilikuwa nyeupe. Walikaba vizuri, hawakuwa na matusi, na ile siku walishinda kihalali. Sina kinyongo."

Harlan akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa haki yake.

"Sasa hesabu," akaendelea. "Wa kwanza Calloway, wa nne sisi. Katika mtoano wa kwanza anacheza na wa nne. Maana yake siku ya mwaka mpya tungekutana nao tena. Fainali angekuwepo Deshler, wa pili, na Deshler tulimpiga ishirini na saba kwa saba, mwezi wa Septemba. Kuna anayebisha kuhusu Deshler?"

Hakuna aliyebisha. Deshler hana mtu Sweetgum.

"Basi kesi ni moja. Calloway na Ashby, mara ya pili, siku ya mwaka mpya. Nani anashinda?"

"Calloway," Harlan akasema. "Kumi na tatu kwa kumi. Mpira uleule, mikono ileile, siagi ileile."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, nitasema kweli. Kicheko cha miaka arobaini na mbili hutoka chenyewe.

Bi Idella akasubiri kiishe. Akafungua mfuko wa karatasi, akatoa jezi. Namba themanini na nne, ya Lucius. Akaitandaza juu ya kaunta, katikati ya mikanda ya feni na plagi. Ilikuwa imekakamaa. Mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka mwisho, ulikuwa wa kahawia kwa ndani, damu ya zamani.

"Miaka thelathini na moja," akasema, "hii ndiyo jezi chafu pekee ambayo sikuifua."

Wazee wa baraza wakasogea kaunta.

"Robo ya pili alikanyagwa mkono. Vidole viwili vilivunjika, hiki na hiki. Mapumziko akashuka kwangu, si kwa daktari. Nilichana shuka, nikavifunga pamoja, nikamvutia mkono wa jezi juu yake. Nikamwambia, Lucius, mwambie kocha akutoe. Akasema, dada, ndio kwanza wametuingiza. Nikitoka mimi watasema walitujaribu mara moja, tukashindwa kuvumilia, na mlango utafungwa."

Akanigeukia.

"Na akasema tena, nikitoka mimi ataingia Cleophus, na Cleophus hata akisimama kwenye mvua tone halimpati mkononi."

Kicheko kilichopigwa hapo sikupendezwa nacho. Lakini nilifanya hesabu, wapwa zangu. Miaka arobaini na mbili nimekuwa nikitangaza kwa kila kinyozi na kila msibani kwamba mpira ule ningeudaka mimi. Na mtu aliyeudondosha alikuwa na vidole vitatu tu vya kudakia mkono wa kulia, na alinyamaza ili mlango usitufungie nyuma. Tulikuwa wawili tu. Mmoja wetu alikuwa anaulinda huo mlango.

"Akaniapisha nisiseme," Bi Idella akasema. "Sikusema. Leo nasema, atanisamehe."

Harlan alikuwa ameweka viwiko juu ya kaunta. "Bi Idella, nasikitika kuhusu vidole. Kweli kabisa. Ila mahakama hii haihukumu huruma. Inahukumu mwaka mpya. Wiki tano zimepita. Vidole ama bado vimevunjika, akashindwa kudaka, ama vimepona, na hatujui kama siagi ilitoka. Huna ushahidi wa mwaka mpya. Hakuna mechi iliyochezwa."

"Mechi haikuchezwa. Lakini nina shahidi."

"Nani?"

"Wewe."

Bi Wynell alikuwa ameinua spana, akaiacha hewani.

"Mtetezi anaruhusiwa shahidi mmoja kutoka barazani," Bi Idella akasema, "na shahidi lazima ajibu. Ndiyo sheria, siyo? Mliipitisha nyie, mimi nikiwa nimerudi kuchukua sufuria langu."

"Ndiyo sheria," Bi Wynell akasema. "Shahidi asimame."

Harlan akasimama. Alikuwa ameanza kuwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Mwaka wa sabini na mbili, Januari mosi, ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Ukifanya kazi gani?"

"Nikipeleka mayai. Ya baba."

"Ulikuja uani kwetu. Tulikuwa tunakula nini?"

"Kunde," Harlan akasema, "na mboga za majani na mkate wa mahindi. Mwaka mpya kila mtu anakula kunde, Bi Idella. Hilo si ushahidi."

"Lucius alikuwa wapi?"

Harlan akaokota plagi moja kwenye kaunta, akaigeuza.

"Shahidi ajibu," Bi Wynell akasema.

"Amekaa ngazini."

"Ukamwita nani?"

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Sijakuuliza umri, umri umeshataja. Ukamwita nani?"

"Mikono ya Siagi."

"Naye akasemaje?"

Harlan akatazama chini. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ile ya dukani. "Akasimama. Akakunja mikono ya shati. Akasema, una mayai mangapi hapo? Nikasema nina ya kwenu, dazeni moja. Akasema, kaa hapo hapo kwenye gari, nirushie."

"Hatua ngapi?"

"Ishirini. Zaidi kidogo."

"Ukarusha?"

"Nilirusha kwa nguvu, Bi Idella. Sikumhurumia. Moja nililipitisha juu ya paa la banda la kuku. Jingine nililirusha amenipa mgongo, ndipo nikamwita. Mawili ya mwisho niliyarusha pamoja."

"Na nilikuwepo mlangoni na bakuli. Sijakuuliza jambo hili toka siku ile. Sasa nakuuliza mbele ya Bi Wynell. Yalianguka mangapi?"

Harlan Teague akatazama jezi. Akamtazama Bi Idella.

"Hakuna," akasema.

"Hakimu hakusikia."

"Halikuanguka hata moja. Halikupata hata ufa. Alinirudishia dazeni nzima, akasema, mpe dada yangu." Akajifuta uso. "Nilikwenda nyumbani nikajiambia sijaona kitu. Mimi ni wa Calloway."

"Basi dhidi ya Calloway siku hiyo," Bi Idella akasema, "sekunde tisa, yadi mbili, mtu yule wa mayai, na mpira si yai, hata ukiuminya haupasuki. Nimemaliza."

Akakaa. Safari hii kwenye kiti.

Mtungi ukazungushwa. Nilifungua kifungo cha mfuko, nikatia yangu nzima. Kila mtu akatia amefumba ngumi, ndiyo desturi. Bi Wynell akaumwaga mtungi kwenye sinia ya bolti.

Akaanza kutenga kwa ncha ya kalamu. Nzima. Nzima. Nzima. Ilipofika ya tisa nikaacha kupumua. Ya kumi nzima. Ya kumi na moja nzima. Ya kumi na mbili ilikuwa imejificha nyuma ya bolti moja kubwa. Bi Wynell akaivuta. Akaibonyeza kwa kidole, na maji ya chumvi yakatoka. Ndani mlikuwa na punje zake zote tatu.

Watu wote wakamgeukia Harlan.

"Nilikuwa nasikiliza," akasema. "Nikasahau kuila."

"Mahakama haiulizi sababu," Bi Wynell akasema, akagonga spana mara moja. "Bingwa wa mwaka 1971, Ashby."

Siwezi kuwaeleza kelele. Kulikuwa na wazee mle wana magoti ya bandia, waliruka. Mtu mmoja aliwasha trekta la uani bila sababu yoyote akaliacha likinguruma. Ukutani kwa Harlan kuna ubao wenye mabingwa wote, ameupaka mwenyewe, na sheria inasema mwenye duka ndiye anayerekebisha. Akapanda ngazi na kopo la rangi ya njano ya matrekta, Kunguru mzima, akafuta CALLOWAY, akaandika ASHBY kwa herufi kubwa kuliko zote. Mimi nilimshikia ngazi. Nilimwambia herufi ya B imepinda. Akaipaka upya.

Bi Idella hakuwepo kwenye vigelegele. Alikuwa nyuma ya kaunta, kwenye simu ya duka.

"Lucius," akasema. "Wamekupa." Akasikiliza. "Zote kumi na mbili." Akasikiliza tena, muda mrefu. "Na ya Harlan. Ndiyo, huyo huyo wa mayai. Hapana, sikunywa kitu, saa nne asubuhi hii. Ulisema utapanda gari. Basi panda gari."

Alifika Alhamisi ya pili ya mwezi wa nane, kwa gari lake mwenyewe, saa kumi na nne njiani. Hakwenda kwanza nyumbani. Alisimama mbele ya duka la vipuri, akashuka, mrefu bado, mvi kichwani, vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda kidogo mwishoni. Tulikuwa kibarazani watu kama ishirini.

Harlan akatoka ndani. Hakumsalimu. Alikuwa na yai mkononi, na kutoka mlangoni mpaka lile gari ni hatua ishirini, zaidi kidogo. Akalirusha, kwa nguvu, jua likiwa usoni mwa Lucius.

Lucius akanyoosha mkono mmoja, ule wa kulia, akalichukua hewani kama mtu anayechukua kofia yake kwenye msumari. Akalitazama. Akaligeuza. Zima.

Harlan akashuka ngazi, akaenda akampa mkono. Akaushika sana. Alipouachia, hakujifuta, akauweka mfukoni pamoja na jasho lake. Nyuma yake watu wakapanga mstari, mmoja mmoja, na Bi Idella alisimama kando akiwahesabu wanaojifuta. Hakupata hata mmoja.

Nilipofika mimi, Lucius alikuwa bado na yai lile mkono wa kushoto. Akacheka. "Cleophus," akasema, "unatangaza kwamba ungedaka." Akanirushia, taratibu kabisa, hatua tatu.

Jua lilinipiga machoni. Shahidi ni Bi Idella, ambaye shati langu lililojaa yai alilichukua mwenyewe jioni ile, akalifua kwa mikono, akanirudishia limekunjwa, akisema hatimaye nimempa kazi.